Kasha Linajaa Kabla ya Siku Zake

Kambi ya Kokoto
2 Machi

Wifi yangu,

Kabla hujaanza kusoma, iweke bahasha hii mbali kidogo na pua. Mikono nimeosha kwa sabuni ya kufulia nikarudia kwa ndimu, lakini tangu jana sijiamini.

Uliniambia sitamaliza mwezi kwenye kambi hizi. Bado nipo. Nyumba ilikuwa imenishinda. Binti alipoolewa nikabaki naongea na jiko. Sasa nalala ndani ya basi dogo ambalo kampuni imeligeuza nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi na sinki katikati, na kabati jembamba lenye choo ndani. Vijana wa kazi wanaliita Konokono. Wenyewe wanalala kwenye mahema na wana vyoo vyao vya shimo nyuma ya lori la rangi. Mdogo wako ni bwana mkubwa hapa. Wenzake wanamwita Kamba, kwa sababu hakuna mstari wa barabara unaochorwa mpaka yeye anyooshe kamba, apige goti na kufumba jicho moja.

Kazi za ndani tuligawana. Yeye gari na gesi, mimi chakula. Choo hakuna aliyekitaka, tukavuta vijiti, na kijiti kifupi kikaniangukia mimi. Jana taa nyekundu ya kabatini ikawaka: choo kimejaa. Nikafungua kile kidirisha cha nje, nikavuta kasha la uchafu, nikalibeba kama mtu aliyebeba mayai ya jirani hadi shimo la maji machafu, nikafungua mdomo wake nikamimina. Wifi, lilikohoa. Lilikohoa kama mzee mwenye kifua, na kile kilichotoka kikaniruka viatuni na kwenye kanga. Dereva wa lori la rangi aligeuka akaanza kutazama mawingu, Mungu ambariki. Mdogo wako alicheka mpaka akakaa juu ya pipa, kisha akaomba maji ya kunywa.

Namuuliza inafanywaje, ananijibu, "Kila mtu na mkono wake." Hilo si jibu. Wewe ulikaa miaka na miaka na vile vyoo vya kukodi vya harusi na mikutano, na simu haitusaidii kwa masikio yako. Basi niandikie. Kwa nini linakohoa? Dawa ya bluu inafanya nini humo ndani? Kwa nini mpira wa kile kilango cha chini ya bakuli unalia nikikivuta? Na usinijibu kama mdogo wako.

Mke wa mdogo wako,
Mpekuzi


Nyumbani, chumba cha uani
9 Machi

Mpekuzi,

Nilicheka peke yangu hadi mwanangu akaja kuchungulia kama nimepatwa. Masikio yangu yaliliwa na pampu ya lori la kunyonya, lakini macho na mbavu bado ni zangu.

Kasha linakohoa kwa sababu halina pa kuvutia pumzi. Tazama karibu na mshikio, kuna kibonye. Ukishaliinamisha kasha, siyo kabla, kikandamize kwa kidole gumba mpaka umalize. Hewa inaingia, uchafu unatoka kwa adabu. Ukimaliza tia maji kiasi cha birika kubwa, funga, tikisa, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe. Halafu tia maji kidogo tena ndipo utie dawa, kwa kipimo cha kifuniko chake. Ukitia dawa kwenye kasha kavu, uchafu unajenga kilima, na kilima hicho utakuja kukibomoa kwa kijiti. Mimi nilivibomoa. Hakuna anayekupa asante.

Dawa ya bluu inaua vijidudu na harufu. Lakini shimo la maji machafu linaishi kwa vijidudu hivyohivyo, ndio wanaokula uchafu. Mkimwaga bluu nyingi mnawaua wafanyakazi wa shimo. Mwambie mdogo wangu atafute ile ya kijani. Na kamwe usimwage mtaroni wala mtoni, hata kama hakuna anayekuona. Karatasi iwe ile nyepesi inayoyeyuka, siyo zile za maua za wageni.

Mpira wa kilango unalia kwa ukavu. Uoshe, ufute, upake mafuta ya silikoni. Mafuta ya kujipaka yanaula mpira. Utalainika leo na kesho utapasuka. Mara mojamoja loweka kasha kwa siki usiku kucha, liondoke lile gamba la manjano.

Nikuambie jambo moja la kazi hii. Watu wanaona ni uchafu tu. Mimi nikifungua mlango asubuhi nilijua sherehe ilikuwa ya watu gani: waliokula vizuri, waliokunywa, waliokuwa na wasiwasi. Bwana harusi mmoja alijifungia mpaka kadhi akachoka kusubiri. Choo kinasikia mengi kuliko sebule. Ukikizoea utakipenda.

Msalimie mdogo wangu. Mwambie aache kuwacheka wakubwa.

Wifi yako


Kambi ya Daraja
20 Machi

Wifi,

Limemiminika kama maziwa kwenye kibuyu. Kibonye, kidole gumba, na mimi nimesimama upande wa upepo kama fundi wa siku zote. Vijana walikuwa wamejipanga kwa mbali wakisubiri nikoholewe tena, wakatawanyika kwa huzuni. Dawa ya kijani imepatikana. Mpira haulii.

Nimekizoea, na nakiri, nimeanza kukipenda. Nikivuta kasha nje nalipima kwa mkono, nalitikisa, nasikiliza. Mdogo wako anasema nimepata mtoto wa uzeeni.

Ila kuna jambo linanisumbua akili. Alipokuwa peke yake, kasha hili lilimtosha wiki nzima ya kazi. Ananiambia hivyo mwenyewe, na dereva anakubali, maana ndiye aliyekuwa akimsaidia kulibeba. Watu wawili basi, tuseme nusu wiki. Hesabu ya darasa la kwanza. Tena mimi mchana natumia choo cha mpishi wa kambi, maana ninashinda kule namsaidia kuchambua mchele na kusikiliza umbea. Kumbe taa nyekundu inawaka kesho yake tu. Nalimwaga leo, kesho limejaa tena.

Nani anajaza? Nimeanza kumtazama kila mtu kwa jicho baya. Mpishi mwenyewe simwelewi. Kuna saa anapotea. Na Konokono hatufungi mlango mchana.

Au ni choo chenyewe kinavuja ndani kwa ndani? Nipe njia ya kukipeleleza.

Mpekuzi


Nyumbani
27 Machi

Mpekuzi,

Usimguse mpishi wa watu. Mtu anayekupikia humshtaki kwa sababu ya choo.

Anza na taa. Kuna boya dogo ndani ya kasha linalopanda na uchafu; likikwama juu, taa inawaka bure. Taa ikiwaka, nyanyua kasha. Likiwa jepesi, taa ni mwongo. Likiwa zito, taa mkweli.

Pili, maji ya kusuuzia. Yana tangi lake. Chora alama ya kalamu yalipo. Kama kasha linajaa na maji safi yanashuka kwa kasi hiyohiyo, mnasuuza kama mnafua mablanketi, au vali inadondosha. Mkitoka asubuhi futa bakuli, weka karatasi kavu chini. Mkirudi, karatasi ikiwa imelowa, vali inavuja.

Tatu, mgeni wa siri. Gundisha uzi wa kushonea kati ya mlango wa kabati na fremu, mahali pa chini. Atakayefungua ataukata bila kujua.

Halafu uniambie. Sasa umeniambukiza na mimi. Jana nimekaa na uji mpaka umepoa, nawaza kasha lenu.

Wifi yako


Kambi ya Daraja
8 Aprili

Wifi,

Majibu haya hapa, na yamenizidishia maswali.

Taa ni mkweli. Kiuno changu ni shahidi. Karatasi bakulini ilibaki kavu kama mkate wa juzi. Maji safi hayashuki sana; alama yangu ya kalamu imesogea kidogo tu huku kasha likijaa mara mbili. Maana yake kinachojaza hakitoki tangini. Kinatoka kwetu.

Uzi haukukatika hata siku moja tulipokuwa nje. Mpishi aliniona nikiugundisha, nikalazimika kumweleza. Hakukasirika. Alisema, "Mama, mimi kile choo chenu cha kabatini hata unilipe siingii. Nikikaa mahali pa kufunga hivyo, hakuna kinachotoka." Na zile saa anazopotea, kumbe anakwenda kulala kivulini.

Amebaki mtu mmoja, mdogo wako. Na kweli anakunywa maji, wifi. Anatembea na dumu kama mtoto na mwanasesere. Nilimuuliza, akasema ni ile rangi: inayeyushwa kwa moto hadi inachemka, na mvuke wake unakausha koo. Nikaona ana haki, maana hata mimi nikisimama karibu na mashine nakauka midomo. Amekonda pia, mkanda wake umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Anasema kutembea na mashine kutwa kunampunguza kitambi, na hajapata kuwa na kitambi.

Lakini kuna kitu kingine cha ajabu nataka nikuulize wewe mwenye kazi yako. Nikivuta kasha nje, hudondoka tone moja mawili chini ya kidirisha. Pale pametokea njia ya sisimizi. Wamejipanga kama watu kwenye foleni ya maji, wanatoka kwenye nyasi, wanapanda tairi, mpaka pale panapodondoka. Kwanza nilidhani wanafuata sukari ya chai. Nikahamishia mkebe kwa mpishi. Hawakujali, wameendelea na safari yao.

Hiyo dawa ya kijani ina sukari? Ya bluu je? Nimenusa, sinusi kitu cha utamu. Kuionja kwa ulimi bado sijafikia huko, ingawa unanijua.

Mpekuzi


Nyumbani
13 Aprili

Mdogo wangu,

Nakuandikia kupitia ofisi ya msimamizi ili barua isipite mikononi mwa mkeo. Kwa hilo tayari najiona mwizi, kwa hiyo nitasema upesi.

Mkeo ameniuliza kwa nini sisimizi wanafuata matone ya choo chenu. Anadhani ni dawa. Anapeleleza kila kitu duniani, lakini wewe hakupelelezi, kwa sababu anakuamini.

Wewe na mimi tunajua sisimizi hao. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafagia mlangoni mwa bafu la mama, kabla hata hajajua anaumwa nini. Ulikuwa mdogo, lakini ulimwona alivyokuwa akinywa maji kwa kata bila kupumua. Na ulikuwepo alipoanza kumwita mjomba kwa jina la baba, kwa sababu hakuona ni nani aliyesimama mlangoni.

Macho yako yakoje? Nijibu hilo kwanza.

Unaendesha gari, na pembeni yako amekaa mtu. Nenda zahanati, wakupime, umwambie mkeo. Mficha maradhi kilio humuumbua. Sitaki kuletewa habari hiyo na mtu mwingine.

Dada yako


Kambi ya Daraja
19 Aprili

Dada, shikamoo.

Barua imefika. Msimamizi hakuifungua.

Mimi si mgonjwa, nimechoka. Jua la msimu huu limekuwa kali na kipande hiki hakina mti. Macho asubuhi huwa na ukungu kidogo, nikinawa unapungua. Kamba naiona.

Nakuomba unielewe. Kampuni ikipata neno hili, siku hiyohiyo wananinyang'anya usukani na kazi. Nimechora barabara hii tangu ilipokuwa vumbi. Kimebaki kipande cha mwisho, kutoka kwenye daraja kushuka mteremko hadi njia panda. Nikifika njia panda nitakwenda hospitali kwa miguu yangu, wala hutanikumbusha.

Mke wangu anafurahi hapa. Alikuwa ananyauka kule nyumbani, wewe ulimwona. Sasa anacheka na vijana, anabishana na choo. Usimvurugie.

Kuhusu kasha, nitalishughulikia mwenyewe.

Nashukuru kwa kunijali.

Mdogo wako


Kambi ya Daraja
30 Aprili

Wifi,

Mbona kimya? Nimeuliza habari ya sisimizi nikasubiri mpaka nikadhani nimekuudhi. Au ni posta.

Basi sikia: fumbo limefumbuliwa, na hukuhitajika. Mdogo wako alikwenda mjini na lori akarudi na mpira mpya wa kilango. Hakuna aliyemtuma. Akapiga magoti kabatini, akatoa wa zamani, akaweka mpya, akaniambia, "Huu ulikuwa umechoka, maji ya kusuuzia yalikuwa yanapenya kidogo kidogo. Ndiyo maana." Na kweli, tangu siku ile kasha limekuwa jepesi. Taa inachukua siku zake. Sisimizi wamerudi kwao.

Nilifurahi. Nikampikia maandazi.

Halafu nikakaa, na wewe unajua mimi nikikaa inakuwaje. Kama maji ya kusuuzia ndiyo yaliyokuwa yakipenya, mbona alama yangu ya kalamu haikushuka? Mpira wa zamani nimeuokota kwenye pipa la taka. Nimeuosha, nimeuvuta, nimeutazama kwenye mwanga wa dirisha. Ni mlaini kama ndewe ya sikio, hauna ufa wala ukungu. Ninao hapa mezani.

Na mdogo wako amepata mapenzi mapya na vichaka. Yupo kwenye kazi, mara anaingia kichakani. Tumeketi kula, mara anakwenda kuangalia mashine. Mashine gani inaangaliwa kiasi hicho? Jana nilimfuata kwa macho, akanikuta namtazama, akasema, "Unatafuta nini?" Nikasema, "Chumvi." Hakukuwa na chumvi upande ule.

Sitaki kuwa mke wa kuhesabu mumewe anakwenda wapi. Lakini mtu hapelelezi choo chake mwenyewe kwa miezi miwili halafu akubali jibu la mpira.

Dereva wa lori naye ameniambia kwamba msimamizi alimsimamisha mdogo wako barabarani, wakaongea kwa muda, kila mmoja akitazama chini.

Wiki ijayo tunahamia chini, njia panda. Ni mteremko mrefu na lori za kokoto zinapanda kutoka upande wa pili. Nilimwambia nimsaidie usukani. Niliendesha gari la mkate miaka mingapi, na leseni yangu hai. Alikataa kwa namna ambayo hajapata kunikatalia kitu.

Una jibu, wifi? Nadhani unalo. Ukimya wako una umbo la jibu.

Mpekuzi


Nyumbani
5 Mei

Wifi,

Isome hii ukiwa umekaa.

Mpira hauna kosa. Dawa haina sukari, ya bluu wala ya kijani. Sukari inatoka kwa mume wako. Mama yetu alikuwa nayo na ilimchukua macho kwanza. Kasha limekuwa jepesi kwa sababu anamwaga vichakani ili usijue.

Nilimwandikia yeye kabla ya kukuandikia wewe. Akaniomba ninyamaze hadi amalize kipande chake, nami nikakaa na barua yako mkononi nikidhani namheshimu. Kukasirika utanikasirikia, lakini fanya hilo baadaye.

Sasa hivi usimwache ashike usukani kwenye mteremko huo. Mwenyewe ameniandikia kwamba asubuhi anaona ukungu. Ficha funguo kama itabidi. Mpeleke akapimwe.

Barua hii ataileta mwanangu mwenyewe kwa basi hadi ofisi ya msimamizi, kwa sababu posta siiamini wiki hii.

Wifi yako


Mjini, chumba cha kupanga mkabala na hospitali
27 Mei

Wifi,

Nilikukasirikia mpaka dripu ya pili ilipoisha. Kisha nikakumbuka kwamba ulimtuma mwanao na basi la alfajiri, hasira ikakosa pa kukaa. Sasa nakueleza yote kama yalivyokuwa.

Mwanao alifika asubuhi ya kuhama yenyewe. Mahema yalishakunjwa, mpishi anafunga masufuria. Nilisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya Konokono, na chini yangu nahisi injini inatetemeka. Mdogo wako alikuwa keshawasha, anasubiri nipande. Nikaikunja barua, nikapanda, nikanyoosha mkono, nikazima gari nikachomoa funguo.

"Vipi?" akasema.

"Nisomee lile pipa."

Kulikuwa na pipa la rangi mbele yetu, mahali ambapo mtoto angepiga kwa jiwe. Lina maandishi makubwa meusi.

"Rangi nyeupe," akasema.

"Hiyo unaijua. Chini yake pameandikwa nini?"

"Maandishi ya kawaida."

"Nisomee."

Akalitazama. Akafumba jicho moja kama anavyofanya kwenye kamba, akalifumba la pili. Mikono yake haikutoka kwenye usukani. Mwisho akasema, "Nani amekuambia?"

"Kasha. Na sisimizi. Na dada yako, kwa kuchelewa."

"Nilitaka nifike njia panda tu."

"Ungefika," nikamwambia. "Na mimi ningefika nikiwa nani? Mke wako au maiti wako?"

Sikupaza sauti. Halafu akashuka, akazunguka mbele ya gari kwa kushikilia bodi kwa mkono, akaja upande wangu, akasubiri nisogee. Akakaa kiti cha abiria, akavuta mkanda akaufunga. Alikuwa anapapasa mahali pa kuuchomeka. Nikamchomekea.

Konokono tulimwacha palepale, dereva wa lori akatupeleka kwa lori lake, kwa sababu mimi siku ile nisingeweza hata baiskeli. Hospitali muuguzi alimtoboa kidole, akaweka tone kwenye kidude chake. Hakikutoa namba. Kiliandika neno tu, kwamba imezidi kipimo. Akarudia kwa kidole kingine, kikaandika vilevile. Akaenda kumwita daktari kwa mwendo wa haraka, na mimi ndipo nilipoogopa.

Wamemlaza karibu wiki mbili. Daktari ni binti mdogo mwenye upole. Aliuliza nani aligundua, mdogo wako akajibu kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani, "Mke wangu na dada yangu. Kwa njia ya choo." Daktari akaweka kalamu chini, akataka kusikia habari yote tangu mwanzo, na nilimweleza na mpira nikiwa nao kwenye mkoba.

Anasema ukungu mwingi ni wa sukari yenyewe, utapungua kadiri inavyoshuka, na umeshaanza kupungua. Lakini jicho la kushoto limeumia kwa ndani, na hilo litakuwa la kulindwa. Sindano anajichoma mwenyewe. Usukani basi, amekatazwa. Msimamizi alikuja na machungwa. Akasema kampuni itamtafutia kazi ya mchana, ya kukaa. Mdogo wako alimshukuru, alipoondoka akageukia ukuta.

Jana tulikwenda kumchukua Konokono. Tulimkuta kwenye kambi ileile, mpishi alikuwa amerudi kulimwaga kasha na kulilaza na siki, yeye aliyesema hata alipwe. Nikashika usukani. Mdogo wako pembeni. Tukashuka mteremko ule wa njia panda, mahali alipochora mwezi wa nne. Barabara haijafunguliwa, na siku ile lori za kokoto hazikuwapo; tulikuwa peke yetu.

Mwanzoni mstari wa katikati ulikuwa umenyooka. Baada ya kalvati ukaanza kuegemea kushoto, taratibu, kama kichwa cha mtu anayesinzia. Ukarudi. Ukaegemea tena. Mimi niliuona na sikusema. Nilishika njia yangu nikatazama mbele. Lakini macho yake sasa yanaona.

"Punguza," akasema. Baadaye kidogo, "Simama."

Tulishuka. Alitembea juu ya mstari, mguu mbele ya mguu, mpaka pale unapopinda zaidi, akasimama. Nilisubiri aniambie habari ya upepo au ya mashine.

"Vijana waliona," akasema.

"Waliona."

"Na hawakusema."

"Walikuwa wanasubiri useme wewe."

Akachutama, akaweka kiganja kwenye rangi. "Itakwanguliwa yote," akasema, "tangu kwenye kalvati. Nitawaambia mwenyewe kesho." Alipotaka kuinuka, hakuweza, bado hana nguvu. Akaninyooshea mkono. "Nishike."

Unamjua mdogo wako. Miaka yote hii hajanishika mkono nje ya nyumba, hata siku ya harusi ya binti. Nikamshika nikamwinua. Alipokwisha simama hakuuachia. Tulibaki tumesimama hapo katikati ya barabara tupu, na mimi, wifi, sikumuuliza kitu.

Mke wa mdogo wako